Waliomhukumu Kiongozi wa Msafara

Wasichana wawili waligombana kibandani kwangu Kawangware, Nairobi, mpaka mmoja akalia, na mtu waliyemgombania hajawahi kuishi popote isipokuwa kitabuni. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nashona sare za shule kwenye kibanda cha mabati, upande wa kuelekea Riruta, na wao walikuja kuchukua marinda yao. Kitabu kilikuwa changu. Mmoja alikuwa amekiazima, akampa mwenzake, na sasa wote wawili walikuwa wamefika ile sura ya kiongozi wa msafara.

"Huyo jamaa ni fiti," alisema mmoja. "Si aliokoa watu? Ama ulitaka wote waliwe?"

"Fiti wapi! Ni mwoga. Mwoga na mwongo."

"Wewe hujui kusoma."

"Na wewe huna roho."

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Wakanigeukia mimi. "Anti, wewe unaonaje?"

Mume wangu alikuwa mlangoni anapiga msasa mguu wa kiti. "Muulizeni huyo mzee hapo nje," nikasema. "Anamjua huyo jamaa kuliko mimi." Aliweka msasa chini, akasimama, akaondoka zake bila hata koti, na asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Sikumwita. Nimeishi na mtu huyu miaka na miaka, nimemzalia watoto wengine, nampikia na kumfulia, na kila nikipata nafasi ya kumchoma bado namchoma.

Niliwahi kumsikia mwalimu mmoja akisema kwamba wasomaji hubishana juu ya mhusika wa namna hii kwa sababu mwandishi amemchanganyia wema na ubaya makusudi, basi kila msomaji huchota anachotaka. Maneno matamu ya mtu aliyelala vizuri. Mimi nimewaona watu wazima wakimhukumu yule kiongozi wa msafara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamfikiria yeye.

Hadithi yenyewe si ngumu. Katika nchi ya kitabu hicho milima huhama, na mabondeni wanaishi mbwa wa ukungu. Hawana macho, lakini wananusa maiti kutoka mbali. Msafara unabeba sanduku lenye maiti ya bibi kizee anayerudishwa kwao azikwe na wanawe. Mbwa wanaufuata, wanaanza kuwala watu wa nyuma mmoja mmoja. Basi kiongozi, wenzake wakiwa wamelala, anafungua sanduku na kuwaachia mbwa yule bibi. Anajaza mawe na nyasi, anapigilia misumari, na wote waliobaki wanafika salama. Wana wa bibi wanayazika yale mawe kwa vilio. Wanamuuliza kiongozi jinsi mama yao alivyosafiri. Anawaambia alisafiri kwa amani, hata ndege walikuwa wakilifuata sanduku lake. Wanampa fahali wa shukrani, naye anampokea.

Nilikisoma kwa mara ya kwanza katika miaka ya sabini, tulipokuwa tukiishi Kibera, sehemu inayoitwa Lindi. Mume wangu alikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza vitanda, na kwa kuwa karakana ilikuwa na mahali pa kukaa, chama cha watu wa nyumbani, watu wa Magharibi, kilikutana hapo kila Jumapili baada ya kanisa. Kazi ya chama ilikuwa moja tu ya maana: mwenzetu akifia Nairobi, arudishwe nyumbani akazikwe kwao. Kuzikwa mjini kwetu ilikuwa sawa na kutupwa. Watu waliokula mara moja kwa siku walijinyima hata hiyo mara moja ili lori lipatikane.

Mimi nilikuwa nimefiwa na mtoto, mtoto wangu wa kwanza. Alikufa akiwa bado ananyonya, kwa homa ya mapafu, na mimi wakati huo nilikuwa hospitalini, sijitambui, nikiwa na homa yangu mwenyewe. Nilipotoka, mume wangu aliniketisha kitandani akaniambia kwamba amempeleka nyumbani. Alisema amelala kando ya babu yake, chini ya mparachichi. Alisema mchungaji aliimba vizuri. Alisema kwamba walipokuwa wanafukia, mvua ndogo ilinyesha, ile ya baraka, kisha jua likatoka.

Niliipenda sana hiyo mvua. Nilikuwa nikiinua cherehani asubuhi nakumbuka mvua, natulia. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja, kufika hapo chini ya mparachichi nikakae na mwanangu, hata kama ni nusu saa. Desemba ya kwanza mume wangu alisema bado sina nguvu za safari. Desemba ya pili alisema ana vitanda vya watu wa mtaa wa Ayany havijaisha. Wazazi wake walishakufa, kwa hiyo huko nyumbani hakukuwa na mtu wa karibu wa kunitumia neno. Nikawa nasubiri Desemba nyingine.

Wanachama walikuwa wanachelewa kufika, na wale waliowahi walikuwa wakisengenya, basi nikaanza kuwasomea kile kitabu. Walikipenda kuliko mahubiri. Walikaa juu ya vitanda visivyo na kamba, mikono magotini, wanapiga kelele mbwa wa ukungu wakitokea. Mwenyekiti alikuwa akikaa mbele. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa sauti kubwa na suti moja, aliyeweza kukwambia makosa yako kuanzia siku uliyobatizwa. Kando yake alikaa jirani yangu muuza samaki, mwanamke wa kutoka ziwani aliyeolewa na mtu wetu. Ndiye aliyeniogesha niliporudi kutoka hospitalini.

Jumapili tuliyofika ile sura, niliposoma kwamba kiongozi amepigilia misumari juu ya mawe, nilitua nifungue ukurasa. Karakana ikalipuka.

"Huyo si mtu!" Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Huyo ni mnyama. Maiti ya mama ya mtu unapatia mbwa?"

"Lakini wangekufa wote," mtu akasema nyuma.

"Wakufe! Si ni binadamu? Wakufe na heshima!"

Muuza samaki alitikisa kichwa. "Mimi sisemi juu ya mbwa. Hiyo ilimshinda, sawa. Mimi nasema juu ya mawe. Kwa nini aweke mawe? Angefika aseme, jamani, mama yenu amepotea njiani. Kwetu mtu akizama ziwani asionekane, tunazika yago. Linaingia kaburini, watu wanalia, mambo yanaisha. Lakini kila mtu anajua ni yago."

Wenzangu wakaitikia. Yago ni lile tunda refu zito la kwao, likilazwa kwenye shuka utadhani ni mtoto amelala. Sisi kwetu tunakata mgomba, tunauzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Basi wote wakakubaliana hapo hapo kwamba kosa la kiongozi lilikuwa mdomo. Angesema ukweli, wangekata mgomba, na hata yule fahali angekuwa halali yake. Sidhani kama aliyeandika kitabu aliwahi kuota kwamba mtu wake atahukumiwa kwa kutojua habari ya mgomba.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma anapiga randa ubao. Hakuwa mtu wa kuongea chamani. Sasa randa ikanyamaza.

"Angesema kwa nani?" akauliza.

"Kwa wenye maiti!" Mwenyekiti alikuwa bado amewaka. "Mtu mzima anakuja anasema. Anasema, watu yangu, nimeshindwa, nisaidieni. Kwani watu watamkula?"

"Anasema?"

"Anasema!"

"Si nilikuja kwako nikasema?" mume wangu akamwambia. "Nilisimama kwa mlango yako na mtoto kwa mkono. Ukaniambia nini? Ukaniambia chama hakipelekei lori mtoto hajatoa meno."

Nimesikia kelele nyingi katika maisha yangu, lakini kilichonifumbua macho siku ile ni kimya. Hakuna aliyeuliza anazungumza juu ya nini. Mtu akisema jambo geni mbele ya watu, mmoja atauliza, ati nini? Mtoto gani? Hapo hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Waliokuwa nyuma waliangalia randa. Muuza samaki, aliyeniogesha, aliyeniambia kila siku nimshukuru Mungu mtoto amelala kwao, aliweka kanga mdomoni. Wote walijua. Walikuwa wakija kwangu kila Jumapili, wananywa chai yangu, wananiuliza Desemba nitaenda, nawaambia ndiyo, Mungu akipenda, nao wanaitikia amina.

 Nilimtazama mume wangu, naye hakunitazama.

"Soma," akasema. "Endelea kusoma, mama."

Nikasoma. Pengine alitaka niseme kitu, nilie, nitupe kitabu, watu wapate nafasi ya kunishika mikono na kunipa pole. Sikuwapa. Niliwasomea mazishi ya yale mawe yote, polepole, neno kwa neno, nikiinua macho kila mwisho wa sentensi. Mwenyekiti alijaribu kutoka, nikamwambia, "Kaa, Mwenyekiti, bado sura haijaisha," naye akakaa. Niliposoma juu ya wale ndege waliolifuata sanduku, muuza samaki alianza kulia. Nilirudia ukurasa huo kutoka juu.

Walipoondoka, mume wangu alinieleza akiwa amesimama, kofia mkononi, kama amekuja kuomba kazi. Chama kilikataa. Hakuwa na namna nyingine ya kufika. Alitengeneza sanduku mwenyewe, kutokana na vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, akambeba hadi makaburi ya jiji. Daktari alikuwa amemwonya asinipe habari mbaya kwa kuwa nilikuwa kati ya kufa na kupona. Baadaye nilipona, lakini nilikuwa naipenda ile hadithi ya mvua, akashindwa kuninyang'anya.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali la wasomaji, na nakubali huenda ningefanya hivyo hivyo. Kumzika mjini ningemsamehe, nilikwisha kumsamehe kabla hajamaliza kueleza. Uongo wa siku ya kwanza pia ningeumeza. Lakini nani alimtuma aongeze mvua? Nani alimlazimisha kunipa jua baada ya mvua, na mchungaji mwenye sauti nzuri? Hapo hakukuwa na mbwa wala daktari. Alikaa akaitunga, akaona nimefurahi, akafurahi naye. Hiyo sijamsamehe hadi leo, na ninamchukia kwa hiyo hata siku ninazompenda. Mume wangu kwa upande wake anaamini kwamba mvua ndiyo kitu chema pekee alichonifanyia mwaka ule. Tumesoma kitabu kimoja, tukalala kitanda kimoja, na hatujawahi kukutana kwenye ukurasa huo.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia anipeleke. Tulitembea hadi makaburi ya jiji. Upande wa watoto wachanga ulikuwa uwanja wa vichuguu vidogo vya udongo, vingine vimezama, vingine vimefukuliwa upya na kuwekewa wengine juu. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Alisimama karibu na mti.

"Ni hapa," akasema. Kisha akatazama ua wa seng'enge. "Hapana. Ni kule."

Tukaenda kule. Hapakuwa na kitu.

"Kulikuwa na kibao," akasema. "Nilikiandika mimi mwenyewe."

"Kiko wapi?"

"Watu wanang'oa, wanafanya kuni."

Nilimzungusha uwanja ule mpaka jua likawa juu ya vichwa vyetu. Kila aliponyoosha kidole nilimwambia, "Apa kwa Mungu."  Nikamwambia, "Sanduku ulilitengeneza kwa mikono yako, na hujui ulikoliweka?" Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Nikamwambia kwamba hata mbwa hukumbuka alikofukia mfupa. Alikaa chini katikati ya makaburi ya watoto wa watu, akalia kwa sauti, na mimi nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza.

Kisha akasimama, akapangusa uso kwa mkono wa shati. Akaanza kutembea polepole huku akitazama udongo, kama anavyozitazama mbao sokoni akitafuta ubao usio na fundo. Alipita kaburi moja, akapita la pili, akasimama kwenye kichuguu kilichokuwa nadhifu kuliko vingine, chenye nyasi fupi na kivuli kidogo.

"Ni hapa," akasema, na safari hii sauti yake haikutetemeka.

Sikumwambia aape. Nilijua amenichagulia, na nilijua kwamba nikilikataa kaburi hilo sitapata jingine. Nikapiga magoti hapo aliponionyesha, nikamlilia mtoto wa watu mpaka sauti ikanikauka.