Stima ya Mzee Wili Ilipozunguka Gazi

Aibu niliyoipata Gazi ningeizika nisiitaje tena, lakini kwa vile nyinyi mmekwisha kuisikia kwa wengine, tena imetiwa chumvi (eti nilitembea uchi mpaka barabarani, si kweli), afadhali niieleze mwenyewe.

Mnajua kazi yangu ni kuchomelea vyuma pale Ukunda, mageti na madirisha. Siku moja akaja karakana Mzee Wili, Mwingereza aliyekaa Diani miaka mingi hata anazungumza kama sisi, akaketi juu ya tairi, akaniambia anataka nimtengenezee stima. Mimi nikadhani anasema stima ya taa, nikamwambia atafute fundi wa umeme. Akacheka, akatoa picha ya zamani ya meli ndefu, bomba la moshi katikati, na kila ubavu gurudumu kubwa la vibao, na hayo magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakipiga maji meli ikaenda.

Baba yake alikuwa mtu wa injini kwenye stima ile, kwao Uingereza. Zamani hizo magari yalikuwa ya matajiri, basi watu wa viwandani wakipata siku ya mapumziko walijazana humo na watoto wao na vikapu vya chakula, bendi inapiga, wanapelekwa kuona bahari, na kila mji wa pwani ulijenga gati lake ili stima isiupite. Kisha ikaja rafadha, lile panga la kusukuma meli chini ya maji, yakaja mabasi na magari ya kila mtu, mwisho wake watu wale wale wakaanza kupanda ndege kuja kuogelea huku kwetu Diani, na stima zikabaki zimefungwa zinaliwa na kutu. Ile ya baba yake ilipokatwa ikauzwa chuma chakavu, baba alikwenda kuitazama, na aliporudi nyumbani hakula.

Sasa Mzee Wili moyo wake ulikuwa mgonjwa, anarudi kwao moja kwa moja akakae na binti yake, na kabla hajaondoka alitaka kupanda stima mara moja. Ningemkatalia vipi?

Nikachukua mashua kuukuu ya faiba, nikaipitishia chuma kimoja kutoka ubavu huu hadi ule, nikafunga magurudumu mawili ya vibao, na katikati nikaweka kiti, pedali na mnyororo wa baiskeli. Mzee alinionya jambo moja tu, kwamba abiria wakae sawa pande zote, maana wakikimbilia upande mmoja, gurudumu la upande wa pili hutoka majini na chombo huanza kuzunguka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kilichoniponza kilikuwa kidogo, nacho ni nguo. Tulichagua hori la Gazi kwa sababu maji yake yametulia, na Gazi ndiko kwa wakwe zangu. Mke wangu Zuhura akanitolea kaptula, nikamwambia siwezi kumwonyesha mama yake magoti, nikavaa kanzu, tena ile niliyoolea.

“Baba Fatuma, kanzu na mnyororo?” akaniuliza.

Nikajifanya nimeshughulika na kofia.

Tulipofika, nusu ya Gazi ilikuwa ufukoni. Nikamwamkia mama mkwe, Bi Mwanaisha (mama mwenye haya, tangu nioe hatujazungumza zaidi ya shikamoo na marahaba), na kwa kutaka sifa nikamkaribisha apande yeye na dada zake wawili. Wakapanda. Mzee Wili akashika usukani mbele, mimi nikakanyaga, na wallahi ilikwenda. Vibao vinapiga maji, watu wanashangilia, na mzee mkono mmoja ameuweka juu ya ubao anasikiliza ule mlio.

Basi mtu wa ufukoni akainua simu, akaita kina mama watazame huku wapigwe picha. Wote watatu wakaondoka walipokaa, wakahamia kushoto, wakatengeneza buibui zao. Mashua ikalala, gurudumu la kulia likatoka majini likawa linazunguka hewani, la kushoto peke yake likasukuma, tukaanza kuzunguka. Nikainuka niwaombe warudi, na hapo hapo mnyororo ukashika kanzu ukanikalisha. Nikikanyaga, kanzu inaliwa na tunazidi kuzunguka, nikiacha, maji yanatubeba kwenye mikoko. Nilikanyaga. Tulizunguka mbele ya jamaa zote za mke wangu, kanzu imefika mapajani, halafu kiunoni, mpaka tukajikita kwenye matope ya mikoko na nikabaki nimeinama kwenye kile kiti siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Mzee Wili alikuwa ameshika kifua. Nikaogopa, nikajua nimemuua mtu. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

“Baba yangu alizunguka hivi hivi,” akasema, “mbele ya gati, Jumapili, watu wote wanatazama. Sikuwahi kumwamini.”

Bi Mwanaisha akamwomba mzee kisu, akaja nyuma yangu.

“Mwanangu, wewe usinitazame,” akaniambia, “na mimi sikutazami.”

Akaikata kanzu mpaka nikafunguka, akavua leso aliyojitanda akanifunga mwenyewe, akakaza kabisa kama anavyofungwa mtoto. Nikatembea kwenye matope hadi ufukoni nimevaa leso ya mama mkwe, na maandishi yake yako nyuma, ya mapenzi, sitayasema. Watu waliyasoma kwa sauti.

Siku aliyosafiri, Mzee Wili alipita karakana akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema ile ndiyo safari aliyoitaka. Mama mkwe naye tangu siku ile tunazungumza, ananipigia simu hata kuniuliza bei ya mabati, kana kwamba kile kisu kilikata na haya iliyokuwa kati yetu.

Juzi meneja wa hoteli moja amenitafuta, ameona video aliyoipiga yule mtu wa simu, anataka stima mbili za wageni. Nimemwambia mimi ni fundi wa mageti. Geti ukishalifunga ukutani linakaa pale pale, na mkweo akija anapita tu akaingia ndani.