Redio ya Cheruiyot Iliyommeza Mwimbishaji

Gari la Cheruiyot lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na mlango wake mmoja haukufunguka mpaka uombwe. Lakini kila Jumapili asubuhi, kutoka Gaithersburg hadi kanisani Wheaton, huko Maryland, Marekani, ndilo lililokuwa chumba cha mazoezi cha kwaya. Wanakwaya wenyewe walikuwa manesi, walezi wa wazee na makarani, huyu zamu ya usiku, yule ya mchana. Ukitaka kuwakusanya Alhamisi jioni, utangoja mpaka Yesu arudi. Basi nyimbo walijifunzia barabarani, pale kwenye barabara kuu ya I-270, kaseti ikiimba mbele na wao wakifuata nyuma.

Cheruiyot aliipenda safari hiyo kuliko alivyokubali kusema. Mkewe na bintiye Chebet walikuwa bado Kericho wakingojea viza, na wiki nzima alishinda akiwaogesha wazee wa Kimarekani na kuwaambia, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba wamependeza. Jumapili tu ndipo alipoitwa Baba Chebet. Ukimchukulia abiria wake, umemchukulia jamaa zake.

Na walikuwa karibu kuchukuliwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenunua kompyuta ya kuchoma CD, akaziacha kaseti jinsi mlevi aliyeokoka anavyoacha pombe. Nyimbo zote za Pasaka zilikuja kwenye CD. Redio ya Cheruiyot, iliyozaliwa na gari hilo kiwandani, ilijua kaseti na stesheni chache, basi. Gari jipya la Peterson, mwanakwaya mwenzao, lilimeza CD sita kwa mkupuo.

"Baba Chebet, mimi sisemi kitu," alisema Makena, nesi mwenye sauti ya alto na ulimi mkali kuliko sauti. "Lakini Pasaka ndiyo hiyo na mimi sijui hata ubeti mmoja. Jumapili ijayo kama hakuna CD humu, napanda kwa Peterson."

"Hata mimi, mzee," alidakia Wainaina kutoka kiti cha nyuma, kijana karani wa ofisi moja ya Arlington. "Tena kule kuna AC."

"AC ya nini na nje watu wanavaa makoti?"

"Si ni ile tu kujua iko, mzee."

Cheruiyot alianza na dawa rahisi. Akanunua ile kaseti ya bandia yenye mkia wa waya, unaochomekwa kwenye kidude cha mkononi cha kupigia CD. Redio ikaionja, ikaitema. Akaisukuma tena, ikaitema tena, kama mtoto na kwinini. Ndipo akaenda maktaba, akakaa kwenye intaneti, akachapisha maelezo ya mtu fulani aliyekuwa ameipasua redio kama yake na kuiongezea tundu la kuingizia sauti kutoka nje. Kazi yenyewe, kwa maelezo hayo, ilikuwa nyepesi: fungua redio, lehemu nyaya tatu pale sauti ya kaseti inapopita, toboa tundu kwenye dashibodi, chomeka kidude chako cha CD. Kisha tia kaseti halisi isiyo na kitu, ili redio idhani inapiga kaseti na kuifungulia sauti njia.

Jumamosi akaileta redio kwenye meza ya jikoni. Waya wa kwanza ulishika vizuri. Wa pili ukashika. Wa tatu aliupa tone la risasi ya kulehemu na maombi.

Jumapili akampitia Wainaina, wakaenda kumchukua Makena akitoka zamu kwenye nyumba ya wazee. Cheruiyot akatia kaseti tupu, akachomeka kidude cha CD, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Kwa hiyo hiyo redio unaidanganya?" Makena aliuliza.

"Naidanganya kwa upendo."

Akabonyeza. Gitaa likaja. Kayamba zikaja, safi kabisa. Makena akapiga makofi. Kisha ukafika wakati wa Bridget, mwimbishaji wao aliyerekodiwa kwenye CD, kuanzisha wimbo, na Bridget hakuja. Kulisikika mwangwi tu, kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji kwa jirani.

"Bridget ameenda wapi?" Makena akauliza.

Cheruiyot akatazama barabara. Akaongeza sauti, gitaa likaongezeka, Bridget asiwepo. Akawaona, kwa macho ya moyo, wakishuka mmoja mmoja kuelekea kwa Peterson.

"Nimemtoa," akasema.

"Umemtoa?"

"Makusudi. Kila wiki mnamfuata kama kondoo. Leo imbeni wenyewe."

Alilisema kwa uso mkavu hata yeye mwenyewe akakaribia kuliamini. Makena akaanza wimbo, akauanza vibaya.

"So la so mi, Makena, si so so so!" Wainaina akapiga kelele.

"Wee! Uimbe wewe basi!"

Akaimba yeye. Wakabishana, wakarudia, wakabishana tena, na kila aliyepotea alijulikana papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na Bridget wa kujificha nyuma yake. Walipofika Rockville ikawa zamu ya besi. Cheruiyot akaimba peke yake, na gari zima likagundua siri ya mwaka mzima.

"Hiyo si besi, Baba Chebet," Makena alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Hiyo ni soprano yenye mafua."

Lakini Wheaton waliingia na beti mbili vichwani. Kwa Peterson, walikuja kuambiwa, wimbo ulisikilizwa vizuri sana, kwa starehe, na hakuna aliyeukamata.

Jumapili iliyofuata mambo yakawa yaleyale, na Cheruiyot akaanza kuzungumzia "mbinu yangu". Labda angeiandikia kitabu, kama si Ghalib. Huyu alikuwa Mzanzibari, fundi wa vitanda na viti vya magurudumu kwenye nyumba ile ya wazee alikofanya kazi Makena. Jumapili moja asubuhi Cheruiyot na Wainaina wakimngojea Makena maegeshoni, Ghalib akainama dirishani.

"Sheikh wangu, mbona redio inaimba imefungwa kitambaa mdomoni?" Akalichezea lile tundu kidogo, akacheka. "Waya wako wa tatu haukushika. Usiposhika huo, sauti za spika ya kulia na ya kushoto zinafutana: kilicho sawa pande zote mbili kinapotea. Mwimbaji, aliyerekodiwa sawa pande zote, ndiye huyo keshapotea. Nipe dakika nikushikishie."

"Haukushika?" Makena alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba begani. "Kumbe haikuwa makusudi!"

"Mzee!" Wainaina akapiga kiti ngumi. "Si ulisema umemtoa?"

Cheruiyot akaviona tena moyoni viti vya gari la Peterson, vyote vitupu, vyote vinangoja.

"Nilimtoa," akasema polepole. "Ila sikujua kama nimemtoa."

Makena alicheka mpaka akashika paa la gari. Alipopata pumzi, Ghalib alikuwa ameshatoa bisibisi mfukoni.

"Kaka Ghalib, ukiugusa huo waya, mimi napanda kwa Peterson."

"Dada yangu, lakini ni mbovu."

"Uache na ubovu wake. Mimi alto yangu nimeipata humu."

Ghalib akaitazama redio kwa huzuni ya fundi aliyenyimwa kazi. "Wallahi, sijapata kuombwa nisitengeneze kitu," akasema, akaenda zake huku akigeuka nyuma.

Makena akauomba mlango, ukafunguka, akaketi. Cheruiyot, asijue acheke au anune, akaweka gia.