Penalti ya Magharibi

Zama zile za siasa, Mwingereza akiwa mwisho mwisho, Pemba nzima refa mwenye cheti cha skuli ya usiku nilikuwa mimi tu. Nikipuliza firimbi Tibirinzi, kuku wa Mkoani wanakimbilia bandani. Sheria nilizihifadhi: kocha akilalama, mwonye kwa adabu; akirudia, mtoe nje; usijibizane naye.

Watu walikwishasusiana kwa ajili ya vyama, Tibirinzi huku, Pujini kule. Huyu hanunui dukani kwa yule, yule hamziki maiti wa huyu. Cha pamoja kilichobaki ni mpira, na mechi hii ya Tibirinzi na Pujini iliwekwa kwa sharti: ikimalizika salama, zitachezwa nyengine, ikivurugika, basi tena.

Tibirinzi wanaongoza bao moja, jua linateremka. Na kwetu adhana ya magharibi ndiyo mwisho wa mpira, hakuna kufidia. Nikawapa Pujini penalti. Halali kabisa, hata mbuzi waliokuwa wakila majani kando waliiona.

Kocha wa Tibirinzi akaingia uwanjani. Ndiye maalim aliyenisomesha Kurani. Nikanyoosha mkono nimwonye.

"Assalaam aleikum, mwanangu."

Sasa kitabu gani cha marefa kimeandika jawabu la salamu?

"Waaleikumu salaam, maalim. Shikamoo."

"Marahaba. Bi mkubwa hajambo? Ule mguu wake?"

"Hajambo. Lakini maalim, tafadhali utoke..."

"Alhamdulillahi. Na mjomba wako, kile kifua?"

"We refa!" nahodha wa Pujini akapiga kelele. "Unachezesha au unaposa?"

"Msikieni huyo, anakata maneno ya wakubwa," maalim akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na penalti hii umeisoma wapi? Mie sikukusomesha hivyo."

Nikamwonya. Akanipa pole ya msiba wa mwaka jana. Nikamwonya tena. Akainua mikono akamwombea dua marehemu, ndefu ya kufika Unguja na kurudi, na uwanja mzima, Pujini nao, wakaitikia amin. Nani hataitikia dua? Ndiyo amin ya mwisho niliyowasikia wakiitikia pamoja.

Nilipomwonyesha njia ya kutoka, adhana ikapanda. Mpira bado umekaa pale pale, haujapigwa.

Watu wakatawadha. Safu zikapangwa: Tibirinzi goli hili, Pujini goli lile, kila upande na imamu wake. Wote wananitazama nitakwenda wapi.

Nikauchukua mpira, nikasali peke yangu katikati, nimeuweka mbele yangu. Mechi nyengine haikuchezwa, na firimbi sikuitwa tena kuipuliza.