Nyumba ya Milango Miwili

Mjukuu wangu ana akili. Hilo nalisema mapema asije mtu akadhani namponda. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye anasoma vitabu vya Wamarekani waliokufa zamani, kisha anaviandikia insha. Jumamosi moja alikuja jikoni na kitabu mkononi, akachomoa kidude kimoja sikioni, ndiyo heshima yake, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mpweke.

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu, Bibi. Insha inahusu upweke."

Tuko sita kwenye fleti ya vyumba viwili, Thorncliffe Park, huku ughaibuni. Hata chooni naingia kwa foleni. Huo upweke ningeuweka wapi?

Siku hiyo nilikuwa na shoga yangu, Mrundi wa ghorofa ya kumi na moja. Kila Jumamosi tunachambua maharage. Maharage ya dukani hapa hayana jiwe. Miaka saba tunatafuta, hatujaliona hata moja. Lakini mikono ikichambua, mdomo unajenga. Tunajenga nyumba yetu ya uzeeni kwetu Kigoma: mlango wangu, mlango wake, bati la kijani, jiko la nje, kuku. Tulishanuniana hata kwa sababu ya jogoo.

Nikamwambia mjukuu atusomee. Akasoma na kututafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Wanaume wawili, vibarua, wanahama shamba hadi shamba, wanaota kipande cha ardhi chao wenyewe. Na kila mtu mle kitabuni mpweke.

"Wangeoa," nikasema.

"Bibi, siyo hivyo!"

"Ni hivyo hivyo. Mke angewauliza hiyo ardhi iko wapi."

Mwisho wake alitaka kuuruka. Nikambana. Kumbe ardhi hawakuipata, na mmoja akafa kwa mkono wa mwenzake.

"Ndiyo mnafundishwa haya? Sisi tutafika. Sivyo, shoga?"

Shoga hakuinua macho kwenye sinia.

"Mimi siendi, dada."

"Huendi wapi?"

"Kigoma. Nimekaa kambi ya wakimbizi kule miaka kumi na miwili. Foleni ya maji, foleni ya unga, na kila siku naulizwa kwetu narudi lini. Nakuitikia tu kwa sababu unapenda kusimulia."

"Na jogoo je? Mbona ulinigombeza?"

"Ningenyamaza ungenishtukia."

Nikamwambia achukue maharage yake aende. Akayachukua. Mjukuu akauliza kama anaweza kuandika hayo kwenye insha. Nikamwambia akithubutu, Kigoma nampeleka yeye.

Jumamosi mbili nikachambua peke yangu. Nilijaribu kuijenga ile nyumba kimoyomoyo, haikusimama hata ukuta. Binti yangu alikuwa kazini anaogesha wazee wa watu, mkwe amelala baada ya zamu ya kiwandani, watoto kila mmoja na simu yake. Watu sita, na hakuna wa kubishana naye. Mjukuu alirudi na alama za juu kabisa katika upweke. Nilijisifu kwa majirani kwenye lifti, wakanipongeza.

Na kambi ile naijua. Nilikuwa napita getini pake na beseni la dagaa kichwani. Watu wale niliwauliza jambo moja tu: unataka mafungu mangapi?

Jumamosi ya tatu nikapanda ghorofa ya kumi na moja. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumsema. Alipofungua mlango yakanitoka mengine.

"Wewe unataka nyumba gani?"

Akaniangalia kama ninaumwa.

"Hapa hapa mjini," akasema. "Ya chini. Nifungue mlango nikanyage nje, nisisubiri lifti pamoja na mbwa wa watu."

Miaka yote hiyo, na ndoto yenyewe ni ya kivivu kiasi hicho! Nikavua viatu, nikajitafutia kiti, nikamuuliza madirisha tuyaelekeze wapi.