Siku Niliyotoboa Jicho la Mbuzi Mbele ya Wagonjwa

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, na ninyi chekeni tu, maana Lodwar nzima ilishanicheka kabla yenu.

Mimi ni muuguzi wa macho, na kazi yangu ni kuwatuliza wanaongoja kutolewa mtoto wa jicho. Siku hiyo walijaa barazani, wengine wametoka Kakuma, wengine Nakalale, na wote waliogopa sindano ya ganzi. Miongoni mwao alikuwa Mama Akiru, haoni macho yote mawili, na daktari wetu mgeni alikuwa anaondoka jioni hiyohiyo.

Nikawaeleza kwa upole kwamba sindano haiingii ndani ya jicho, inapita pembeni, juu ya kope la chini, dawa inaenea nyuma, jicho linalala (ningeishia hapo, ningekuwa shujaa). Lakini mpishi alikuwa amechinja mbuzi wa wageni, nami nilipoona kichwa chake kwenye karai nikajiambia mwalimu mzuri huonyesha. Nikakiweka mezani, nikajaza maji kwenye bomba la sindano, nikaanza, "Tazameni, nalikwepa jicho hivi," na kwa kuwa siwezi kueleza bila kuwatazama watu, nikageuka, mkono ukaendelea na safari yake, nikasukuma, na jicho likatema maji hadi kwenye shati la pasta aliyekuja kutuombea.

Sasa, hapa kwetu wazee husoma matumbo ya mbuzi kujua mambo yajayo. Mimi nikawapa jicho wasome!

"Hiyo mbuzi imesema," mzee mmoja akanyanyua kigoda chake. "Twende."

Baraza likamwagika, hata aliyekuja kung'olewa jino akakimbia. Akabaki Mama Akiru peke yake, kwa sababu hakuona kitu.

"Mbona watu inakimbia?"

Nikamsogelea. "Nimetoboa jicho la mbuzi, mama."

"Ni wewe utanidunga?"

"Hapana, ni daktari."

"Yeye huongea akidunga?"

"Hata salamu haitikii vizuri."

"Huyo ndiyo nataka. Nipeleke kwake, na wewe ubaki huku nje."

Kesho yake nilipomfungua bandeji, alinipima kutoka kichwani hadi viatuni. "Kumbe ni wewe? Mdomo yote hiyo, mtu kidogo hivi!"

Waliokimbia hawakurudi, daktari akaondoka bila kuwagusa, na baadhi yao mpaka leo wanaongozwa kwa fimbo, hilo silicheki. Siku hizi naenda kuwaalika tena, boma kwa boma, lakini anayeongea ni Mama Akiru. Mimi nimeapa kumbebea maji ya kunywa, na kufunga mdomo.