Pindua, Mama Linet

Mama Linet alikuwa amechuma majani ya chai kule Itumbe miaka kumi na tisa, na hakuna siku mtu alimwambia kuwa hasikii. Sasa alikuwa amesimama kando ya bwawa huku Nyansiongo, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele, na hakujua kama yeye ndiye hasikii ama mwalimu ndiye hasemi vizuri.

Jina lake hasa ni Bathsheba. Bwawa ni la shamba moja la ng'ombe wa maziwa ambalo lilikuwa limeanza kupokea wageni. Msimamizi wa shamba, Cynthia, alinunua mbao tatu za kusimamia juu ya maji. Ubao wenyewe unajazwa upepo kwa pampu mpaka unakuwa mgumu kama mlango. Unasimama juu yake, unashika kafi, yaani mti mrefu wenye kichwa kipana kama mwiko, unapiga maji nao unaenda. Cynthia alitaka mtu mmoja wa kuwatembeza wageni humo bwawani. Sharti lilikuwa rahisi kulitamka: Ijumaa asubuhi, nenda mpaka mtungi wa manjano unaoelea katikati, uuzunguke, urudi bila kuloa.

Magoti ya Mama Linet yalikuwa yamekataa miteremko ya chai. Kazi hii aliitaka kuliko alivyowahi kusema mbele ya watu.

Waliojitokeza walikuwa wawili tu, yeye na Onyiego, kijana anayebeba maziwa kwa pikipiki. Mwalimu alikuwa Ratemo, Mkisii aliyezaliwa na kulelewa Kilifi. Ekegusii yake iliishia kwenye salamu. Akishasema "bwakire" anarudi kwa Kiswahili chake cha kule, laini na cha haraka.

Jumatatu Mama Linet alisimama juu ya ubao, akapiga maji mara tatu. Maji yalimrukia usoni na ubao haukwenda popote. Ratemo akapaza sauti kutoka ukingoni, "Pindua, mama! Pindua!"

Neno hilo alilijua. Lori la chai lilipinduka kwenye kona ya kwenda Magwagwa. Kaka yake alipinduka na pikipiki akavunjika mkono. Akawaza, labda hawa watu wa maji wanaanza kwa kujifunza kuanguka, ndiyo woga uishe. Mwalimu ni mwalimu. Akafumba macho, akajirusha majini.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Anasimama, anapiga mara tatu, anasikia "Pindua!", anajirusha. Maji ya Borabu asubuhi yanauma kama upupu.

"Mama Linet," Onyiego akamwita kutoka kwenye ubao wake, "umekuja kusoma ama kuoga?"

"Nyamaza wewe. Msikilize mwalimu wako."

"Mimi nikimsikiliza, haniambii nioge!"

Na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu ilikuwa kweli. Onyiego aliambiwa akunje magoti, atazame mbele, asiangalie vidole vya miguu. Hakuambiwa apindue hata mara moja. Kwa nini yeye peke yake? Au alikuwa tayari amefeli, na hii ndiyo njia ya kumfukuza kwa adabu?

Jumatano Ratemo alichoka. Alimpa chai ya chupa, akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisamehe nikuulize. Mbona kila nikikusaidia unajitupa?"

"Si wewe unasema nipinduke?"

"Mimi? Nasema upindue kafi! Kafi, mama! Unalishika kinyumenyume!"

"Mayie!" akasema Mama Linet, mkono mdomoni. Siku mbili nzima za maji baridi.

Ratemo akamwonyesha. Shingo ya kafi imepinda kidogo. Mama Linet alikuwa amelishika kama jembe, tumbo likimtazama, ndiyo alivute. Ratemo akaligeuza, mgongo ukamwelekea Mama Linet.

"Hapo sasa ni nyuma," Mama Linet akasema.

"Hapo ndipo mbele."

"Nani analima na mgongo wa jembe?"

"Hatulimi, mama."

Akaelezwa kwamba likishikwa vile linasukuma maji, halichoti. Hakuelewa hata chembe. Lakini alipopiga, ubao uliteleza mbele, kimya, mpaka akaogopa. Siku hiyo yote alienda moja kwa moja, akarudishwa ukingoni kwa kamba, akaenda tena. Alhamisi ndiyo ilikuwa ya kujifunza kugeuka. Alhamisi ikanyesha mvua ya mawe, wakakimbilia kwenye zizi, basi.

Ijumaa Onyiego alitangulia. Alienda kama aliyechelewa kupeleka maziwa, akafika kwenye mtungi, akageuka kwa fujo, akaanguka. Alirudi amesimama, lakini nguo zilikuwa zinachuruzika.

Mama Linet akapanda. Magoti yamekunjwa, macho kwenye mikaratusi ya ng'ambo, mgongo wa kafi ukimtazama. Alienda vizuri mno. Aliupita mtungi. Alijua akiacha kupiga maji atayumba, na kugeuka hakujui, kwa hiyo aliendelea tu mpaka pua ya ubao ikapanda kwenye nyasi, katikati ya ng'ombe waliokuwa wanakunywa. Akashuka pakavu. Akafungua kamba iliyomfunga mguu kwenye ubao, akajitwika ubao kichwani, akarudi kwa kuzunguka ukingo.

"Huyo amezunguka na miguu!" Onyiego akalalamika.

Cynthia, aliyekuwa akiwatazama kutoka ukingoni, aligusa upindo wa sketi ya Mama Linet. "Mkavu. Ratemo, mtungi ameuzunguka?"

"Amezunguka bwawa zima," Ratemo akasema, akicheka.

Cynthia hakucheka. Alitazama nguo za Onyiego, akatazama tena sketi. "Mgeni akienda na huyu, atarudi. Mama Linet, kesho ni Sabato yako, sivyo? Basi Jumapili saa tatu uwe hapa."

"Kufanya mtihani tena?"

"Kufanya kazi."

"Lakini kugeuka sijui!"

"Ratemo atakufundisha sasa hivi."

Onyiego aliwasha pikipiki yake bila kuaga. Mama Linet alibaki na ubao kichwani, akiwatazama hawa wawili. "Ngojeni kwanza. Nimepata kwa sababu ya kupiga kafi, ama kwa sababu ya kutembea?"

Cynthia alikuwa ameshaelekea ofisini. Ratemo aliupokea ubao, akauteremsha majini, akaushikilia usiyumbe. "Panda, mama."

Akapanda, akiwa bado anangoja jibu.