Mikanda ya Kombaini ya Kipkelion

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la grisi na kitambaa, nikaambiwa nisiguse kitu kingine chochote. Hiyo ilikuwa katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, nami nimetoka kwetu ziwani na shati moja tu. Fundi mkuu alinifundisha kusikiliza beringi kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye sikio. Beringi nzima huvuma, iliyochoka husaga meno. Ninyi mafundi wa leo mna vipimo vya kila namna, lakini sijaona kimoja kinachozidi sikio lililofundishwa.

Miaka ya thelathini ilipoanza, kiwanda kilipunguza watu, nami nikaandikwa na mlowezi mmoja wa Kipkelion aliyelima ngano. Bwana huyu alitaka kombaini, mashine inayovutwa na trekta, inayokata ngano, kuipura na kuipepeta kwa mwendo mmoja. Mpya hakuiweza. Akanichukua kwa gari moshi hadi Njoro tukaangalie kuukuu.

Ukinunua kombaini iliyotumika, usianze na rangi. Zungusha kwa mkono ile ngoma ya kupuria. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, mhimili umepinda. Kisha ingiza mkono kwenye chekeche. Ukikuta makapi ya mwaka jana, jua kwamba panya wamekaa humo na kutu imefuata. Nilifanya hivyo mchana kutwa, nikamwambia bwana kwamba ngoma ni nzima, lakini beringi mbili zimekufa na mikanda ya ngozi imekauka.

“Lakini rangi iko mupya,” akasema.

“Rangi haivuni ngano, bwana.”

Alicheka, akainunua.

Kombaini hufanya kazi wiki tano kwa mwaka. Miezi mingine yote inataka mtu wa kuitunza, na mtu huyo alikuwa mimi. Bwana aliogopa moto, kwa hiyo banda la mashine, paa la nyasi lisilo na kuta, lilijengwa ng'ambo ya mto, mbali na kambi ya wafanyakazi. Nilipewa kibanda kando yake. Asubuhi nilisugua kutu, mchana nilipaka grisi, jioni nilikuwa sina la kufanya. Kwetu mtu hali peke yake. Pale nilikula peke yangu mpaka nikaanza kuisalimia mashine. Mke wangu Achieng, niliyekuwa nimemwoa mwaka huo, alibaki kwa mama yangu, maana bwana alikuwa amekataza.

“Hapa kwa masini hapana mwanamke,” alisema. Nilipozidi kumwomba, akaniambia, “Masini maliza ngano yote mbele ya mvua, wewe lete bibi.”

Basi roho yangu yote ikawa kwenye mavuno hayo.

Jirani yangu pekee alikuwa mzee arap Tonui, Mkipsigis aliyekaa na ng'ombe wake pembeni mwa shamba kwa ruhusa ya bwana. Alikuwa akija na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yenye majivu, tukikaa bila maneno mengi kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikipsigis changu kiliishia kwenye salamu ya “chamge”.

“Bibi yako nakuja lini?” aliniuliza kila mara.

“Ngano ikiisha, mzee.”

“Sawa. Mimi naleta maziwa ya bibi.”

Mwezi mmoja kabla ya mavuno, mafuta ya mikanda yaliniishia. Mkanda wa ngozi usiopakwa hukatika. Nikamwomba mzee mafuta ya mkia wa kondoo, nikayapaka mikanda yote mpaka ikalainika. Sheria ni kuivua mikanda na kuitundika stoo. Mimi niliiacha kwenye mashine, kwa uvivu na kwa furaha ya kuiona imetulia vizuri. Asubuhi nilikuta mikanda minne imeliwa, imebaki misumari yake ya kuungia tu, na chini nyayo za fisi kila mahali. Fisi hula ngozi kavu, sembuse ngozi niliyoitia mafuta ya kondoo mwenyewe!

Moyoni nilimwona Achieng akibaki kwetu mwaka mwingine. Nikakata tawi, nikafagia nyayo pamoja na misumari, bwana asijue kwamba niliiacha mikanda nje.

“Nani nachukua?” bwana aliuliza alipofika.

“Sijui, bwana.”

Akautazama moshi wa nyumbani kwa arap Tonui. Nilimwona anavyotazama, nikanyamaza.

Siku ya pili mzee mwenyewe akaja na ngozi mbili za ng'ombe begani. Amesikia mikanda imepotea, akasema. Tulizikata vipande virefu, tukazikwangua, tukazishona kwa kano, siku tatu, mikono ikivuja damu. Mikanda ile ilishika. Gunia la mwisho lilishonwa siku mbili kabla ya mvua.

Bwana alikuwa mtu wa neno lake. Aliniandikia barua ya kumleta mke wangu, na wiki hiyo hiyo akampa arap Tonui siku saba aondoke na mifugo yake, kwa wizi wa ile mikanda ya ngozi. Mzee alikuja kuniaga.

“Mimi iko mwizi?” aliniuliza.

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia hapana, mzee, wewe si mwizi. Lakini neno hilo nilimwambia yeye, sikumwambia bwana. Aliswaga ng'ombe wake kuelekea Bomet, nami nikamwangalia mpaka akazama mteremkoni.

Achieng alikuja. Alikuwa mke mwema, na bado nilikaa naye kibandani kama mtu aliye peke yake, kwa sababu kila alipoulizia majirani nilibadilisha mazungumzo. Nimetengeneza mashine nyingi baada ya hiyo, chini ya mameneja watatu na injinia mmoja mkali, hadi macho yaliponistaafisha. Sifa nilipewa nyingi, na sikuzifurahia.

Baada ya kumzika Achieng nilikwenda Bomet. Arap Tonui alikuwa ameshafariki. Nilimkuta mwanawe sokoni, mtu mzima mwenye mvi, nikamweleza yote pale pale tumesimama: mafuta, fisi, tawi, barua. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

“Na bibi alikuja?” akaniuliza. “Mzee alikuwa nauliza hiyo mpaka nakufa.”

Nikamwambia alikuja.